Robo Mwaka Katika Ua wa Machteld

Jumatatu, 2 Septemba

Nimehamia jana. Namba tisa, Ua wa Machteld, nyumba ndogo za hisani zinazozunguka ua mmoja: chumba chini, chumba juu, na katikati ngazi iliyosimama wima hivi kwamba aliyeijenga lazima alikuwa na kisasi na magoti ya wajane. Leo nimepanga vikombe. Vilivyozidi nimevirudisha sandukuni, maana sijui nitamkaribisha nani.

Bwana Barend, mlinzi wa lango, amenisomea masharti akiwa amesimama mlangoni. Mwanamke aliye peke yake, aliyepita miaka sitini. Hakuna mbwa. Hakuna kelele uani. Lango linafunguliwa kwa watalii asubuhi na kufungwa jioni. Na robo mwaka ya kwanza ni ya majaribio: tarehe mosi Desemba nitawaambia wadhamini wa ua kama nabaki au naondoka, nao wataniambia kama wananitaka.

"Na wasiponitaka?" nikamuuliza.

"Hawajawahi kumkataa mtu. Watu wenyewe ndio wanaoondoka. Wanasema pana kimya mno."

"Mimi nimeishi miaka yote hii na nahodha wa boti ya watalii, Bwana Barend. Kimya ndicho nilichofuata."

Akacheka, akaenda zake. Nilikuwa nadanganya.

Jumapili, 8 Septemba

Jorien amepiga simu saa tano, kama kila Jumapili. Mtoto wangu ni huyo mmoja tu, na yuko Emmen, mpakani kabisa, ambako ukikohoa wanakusikia Wajerumani. Amerudia habari ya chumba chake cha nyuma.

"Kiko wazi, mama. Kina mlango wake na bafu lake. Lakini ni juu yako."

"Wolter mumeo anasemaje?"

"Wolter hana neno."

"Nitafikiri."

"Fikiri tu. Mimi sikulazimishi."

Kweli hanilazimishi. Ananialika kama mtu anayesema "karibu chakula" huku anafunika sufuria. Anatimiza wajibu wake wa mtoto, na mimi sitaki kuwa wajibu wa mtu. Lakini pia sitaki kufa kimya kimya katikati ya vikombe vyangu. Basi nina mpaka tarehe mosi Desemba kuamua.

Na kwa kuwa huenda nikaondoka, nimeona niutembelee mji. Nimezaliwa Leiden, nimezeekea Leiden, na Leiden sijaiona. Wajapani wanaijua kuliko mimi. Wao walikuwa wanapita nje ya duka na ramani zao, mimi niko ndani nauza nyuzi na vifungo.

Jumanne, 10 Septemba

Nimepanda ngomeni, kamera ya Krijn shingoni. Mara ya mwisho nilikuwa na umri wa kuvaa soksi za kufika magotini. Ukuta wa mviringo juu ya kilima, na ukizunguka unaona mapaa yote, makanisa mawili makubwa, mifereji. Jua lilikuwa limetoka. Nikageuka ili niseme, "Krijn, tazama," nikamkuta mwanamume mwingine kabisa amevaa kofia ya baiskeli. Akasema, "Ndiyo, pazuri," kwa adabu. Krijn nilimzika Machi. Nilishuka haraka kuliko nilivyopanda.

Ijumaa, 13 Septemba

Mvua.

Jumamosi, 14 Septemba

Watalii. Kiongozi wao, kijana mwenye mwavuli wa rangi ya chungwa, aliwasimamisha mbele ya dirisha langu nikiwa namenya viazi. "Hapa," akawaambia, "kwa karne nyingi wamekuwa wakiishi wajane maskini." Wote wakanitazama. Nikainua kiazi nikawapungia nacho. Mmoja akapiga picha. Sasa niko kwenye simu ya mtu huko duniani, mjane maskini na kiazi chake.

Jirani wa namba nne, ng'ambo ya pampu ya maji, akatoka na ufagio. Ni Bibi Verschoor, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule, na sidhani kama ameshastaafu moyoni.

"Mmeshaona," akawaambia. "Sasa nendeni." Walipotoka akanigeukia mimi. "Usiwapungie, Bibi Kooiman. Ukiwapungia watazaliana."

"Watazaliana?"

"Kesho watakuja mara mbili yake."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza tangu nihamie.

Jumatano, 18 Septemba

Nimeoka keki ya tufaha, nikavuka ua, nikagonga namba nne, penye kibao cha Gonda Verschoor. Bibi Verschoor akaitazama keki, kisha akatazama saa ya mkononi.

"Tulikuwa tumepanga?"

"Hapana. Nimeona tu..."

"Alhamisi ijayo basi. Saa nne na nusu."

Nikarudi na keki yangu. Ni kosa langu, ninajua mtu haendi kwa mtu hivi hivi. Lakini mlango wake ulikuwa karibu mno, nikajisahau.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimekwenda saa nne na nusu. Kahawa, biskuti moja, kopo likafungwa. Tumeongea habari ya mifereji ya paa. Nilipojaribu kumtaja Krijn alisema, "Sote tumefiwa hapa, Bibi Kooiman," bila ubaya, kama mtu anayesema sote tumevaa viatu. Wakati wa kuaga akanieleza: "Sisi hapa hatuingiliani. Ndio uzuri wa mahali hapa."

Mwanamke huyu ni jiwe. Nimerudi nikala keki iliyobaki, imekuwa ngumu nayo.

Jumapili, 29 Septemba

Jorien, saa tano. Mvua huko, mvua huku. Chumba kiko wazi, ni juu yangu.

Jana lilitokea jambo la kuchekesha nikasahau kumwambia. Mzee mmoja mtalii, nadhani Mreno, aliingia mpaka ndani kwangu akidhani ni sehemu ya makumbusho. Alishika fremu ya picha ya Krijn, akaikagua, akatoa pochi akitafuta pa kulipia. Nikamwonyesha kiti, nikamtilia kahawa. Hatukuwa na hata neno moja la kuelewana. Alinionyesha picha za wajukuu, nikamwonyesha boti ya Krijn, akasema "aaa" na mimi nikasema "aaa". Alipogundua kwamba hapa ni nyumbani kwa mtu akawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akainama mara nyingi sana akitoka kinyumenyume. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nilipona kwa muda wa kikombe kimoja.

Alhamisi, 3 Oktoba

Siku ya mji wetu. Kabla hakujapambazuka watu wamejaa mitaani wakiimba, na asubuhi nimepanga foleni kwenye nyumba ya mizani kupokea samaki wa heringi na mkate mweupe, kama babu zetu walivyopokea siku Wahispania waliouzingira mji walipokimbia na njaa ikaisha. Mbele yangu baba na mabinti zake, nyuma yangu wanafunzi waliokuwa bado wamelewa tangu jana. Kila mtu amekuja na mtu. Mgawaji akaniuliza, "Nyumba yenu mko wangapi, mama?" Nikasema mmoja. Akaniongezea samaki. Nilitamani asingeniongezea.

Jioni nikapika hutspot, kwa sababu leo kila jiko la Leiden linaponda viazi, karoti na vitunguu. Nikafungua dirisha kutoa mvuke. Harufu ileile ilikuwa inatoka namba nane, namba saba, namba nne, pande zote. Nyumba kumi na mbili, sufuria kumi na mbili, harufu moja, na kila mwanamke mezani kwake anakula akitazama ukuta. Nikafikiri: hawa wote wangeweza kukaa meza moja. Nikafikiri tena: hata mimi sikumwita mtu. Nilikula kidogo, nikalia kidogo.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwenda kwenye kinu cha upepo. Msichana wa tiketi: "Mmoja tu?" Hiyo "tu" wanafundishwa wapi?

Jumamosi, 19 Oktoba

Kanisa la Petro. Kubwa, baridi, makaburi sakafuni, unatembea juu ya majina ya watu. Mume na mke wamelala pamoja chini ya jiwe moja, na nafasi imeachwa kwa ajili ya wa tatu ambaye hakuja. Nilisimama hapo nikimwonea huruma huyo wa tatu. Labda alikufa ugenini. Labda alihamia Emmen.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma, giza linaingia mapema. Jorien aliuliza kama nimeamua. Nikasema bado. Akasema, "Hakuna haraka," halafu akasema tena, hakuna haraka.

Alhamisi, 31 Oktoba

Bibi Verschoor amewafukuza watoto wa shule waliokuwa wanapampu maji. Nilimwangalia dirishani nikasema peke yangu, kwa sauti: mchawi. Kisha nikaona anawaita warudi, anawaonyesha jinsi ya kushika mpini bila kubanwa vidole. Kisha akawafukuza tena.

Jumapili, 10 Novemba

Jorien ana mafua, sauti imekauka, tumeongea kidogo tu. Kesho ingekuwa siku ya kuzaliwa ya Krijn. Sikuitaja, nilitaka kuona kama atakumbuka. Hakukumbuka.

Jumanne, 12 Novemba

Naandika nusu kwa hasira, nusu kwa kicheko.

Jana ilikuwa siku mbaya tangu asubuhi. Siku ya Krijn, na hakuna aliyepiga simu. Mchana ukaja msafara mkubwa, mvua ikawabana, wakajibanza chini ya michirizi ya nyumba yangu na kubandika pua kwenye kioo. Mtoto mmoja akachora uso kwa pumzi yake. Nilikaa mezani nikijihisi samaki kwenye tangi: siku nzima natazamwa, na hakuna anayeniona. Jioni nikavuta mapazia yote, ya chini na ya juu, mpaka mwisho. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Mama yangu alikuwa akisema mwenye kufunga pazia ana jambo analolificha. Nikavua vifaa vyangu vya kunisaidia kusikia, nikaviweka kwenye sahani, nikajifunika mablanketi mawili, nikaapa sitaamka mpaka nitakapochoka kulala.

Kilichoniamsha ni kofi.

Nikafumbua macho. Bibi Verschoor alikuwa ameniinamia, nywele zimesimama, amevaa koti la mvua juu ya gauni la kulalia, mkono umeinuliwa tayari kwa kofi la pili. Midomo yake ilikuwa inatamka jina ambalo hajawahi kuniita. Sikusikia, lakini mdomo unasomeka: "Leida! Leida! Leida!" Nyuma yake, juu ya ngazi, Bwana Barend na furushi la funguo. Alikuwa ameshavua kofia.

Nikapapasa vifaa vyangu nikavivaa.

"Kuna moto?" nikauliza.

Bibi Verschoor akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Alikaa kama mtu aliyekatwa miguu. Alipumua muda mrefu, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni, na alipomaliza alikuwa mwalimu mkuu tena.

"Bibi Kooiman," akasema, "mapazia hufunguliwa kabla ya saa tatu."

"Masharti hayasemi hivyo. Nimesomewa yote."

"Halisemwi popote. Ni jambo la kujulikana."

"Mimi nilijulishwa na nani?"

"Unaamka, unafungua pazia. Kila mtu duniani anafungua pazia. Na mwenzako wa ng'ambo akiona limefunguliwa, anamalizia kahawa yake na kuendelea na siku yake."

Nikamtazama Bwana Barend. Akawa anaizungusha kofia vidoleni. "Namba moja anaangalia namba kumi na mbili," akasema. "Mbili anaangalia kumi na moja. Ni hivyo tangu zamani, mama. Nilidhani unajua."

"Na mimi ninaangaliwa na nani?"

Bibi Verschoor alikuwa anatazama slipa zake, zimeloa, zimejaa majani ya uani.

"Tangu Septemba?" nikamuuliza.

"Unaamka ukiwa umechelewa sana," akasema. "Kahawa yangu inapoa."

Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, nikalia mbele yao bila aibu. Bwana Barend akashuka ngazi kama mtu aliyekumbuka mchirizi uliovunjika. Bibi Verschoor hakunishika wala hakunibembeleza. Alikaa tu palepale. Akasema, "Aliyekuwa humu kabla yako tulichelewa kumfikia. Kila mtu alisema, tusimwingilie." Kisha akainuka, akavuta pazia la chumba changu mpaka mwisho, mwanga ukaingia, akaondoka.

Jumatano, 13 Novemba

Nimefungua pazia mapema, bado giza. Ng'ambo taa inawaka. Bibi Verschoor dirishani, kikombe mkononi. Alikiinua kidogo sana, ungeweza kusema anakiangalia tu kama ni kisafi. Mimi nikainua changu.

Ijumaa, 15 Novemba

Amegonga! Hakuwa amepanga! Alisimama mlangoni na mwavuli.

"Nasikia unazunguka mjini peke yako kutazama mawe."

"Nani amekwambia?"

"Unatoka na kamera ya marehemu. Hujafika Lango la Mors, mwanga wa asubuhi ni mzuri pale. Lakini kama una kazi..."

"Sina kazi tangu nistaafu."

Tukaenda. Anatembea haraka kama anayewahi kengele. Njia nzima ananisahihisha: huo si mtaa huo, hiyo si karne hiyo. Tulipofika kwenye lango la mji mvua ikaanza tena, tukajibanza chini ya kuba lake pamoja na baiskeli za watu. Shakwe mmoja alikuwa amesimama katikati ya daraja, amekataa kumpisha mwenye lori la maua.

"Tazama," akasema Bibi Verschoor, akanigusa kiwiko.

Tukatazama mpaka lori likarudi nyuma. Nimefurahi leo. Naandika wazi ili nikisoma baadaye nisibishe.

Jumapili, 17 Novemba

Nimemwambia Jorien kwamba nabaki. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja zote: kwamba nimempata jirani, na kwamba jirani wa kukuangalia kila asubuhi si kitu cha kuokota. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na Emmen ni mbali. Sikuzihitaji.

"Sawa, mama," akasema. "Vizuri. Vizuri sana."

"Hujakasirika?"

"Nikasirike nini? Ni juu yako."

"Na siku yako ya kuzaliwa, tarehe ishirini na sita? Nije na treni ya saa ngapi?"

"Mwaka huu hatufanyi sherehe. Kazi nyingi. Tutaonana Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi."

Akaaga. Nimeweka simu chini nikiwa na nafuu na uchungu kwa pamoja. Basi chumba cha nyuma hakikuwa na maana kubwa kwake, na nilikuwa sahihi. Kumbe mtu anaweza kuwa sahihi na isimfae kitu.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimewaandikia wadhamini. Bibi Verschoor akasema, "Basi nitanunua kahawa ya kutosha." Bado ananiita Bibi Kooiman.

Jumapili, 24 Novemba

Saa tano imepita. Saa sita. Simu haikulia. Nikasema labda mafua yamerudi.

Jumatano, 27 Novemba. Emmen

Naandika kwenye meza ya jikoni ya Jorien. Yeye amekwenda kazini. Niandike kwa mpangilio, maana kichwa changu hakina mpangilio.

Jana asubuhi, tarehe ishirini na sita, simu ililia. Nilidhani ni Jorien. Alikuwa Wolter.

"Mama," akasema, "hongera kwa binti yako."

Ndivyo tunavyofanya. Mtu akitimiza mwaka, anapongezwa yeye, anapongezwa mama yake, baba yake, na kama kuna jirani karibu naye anapongezwa. Nikamjibu inavyopasa: "Hongera na kwako, Wolter, kwa mkeo."

Nikamsikia anafunga mlango upande wake.

"Mama," akasema, "nimeona nikupigie mimi mwenyewe, isije ikaonekana nimesahau. Maana leo sitakuwepo kukupongeza pale nyumbani."

"Hutakuwepo wapi? Si amesema hamfanyi?"

"Jorien hajakwambia?"

Niliketi. Wolter aliondoka Agosti. Ana mwanamke huko Assen. Akayasema yote hayo kwa upole, sauti ya mtu mwenye malezi mema, na malezi hayohayo ndiyo yaliyomfanya aninyanyulie simu. Amemwacha mwanangu peke yake, lakini kumpongeza mama mkwe kwa siku ya kuzaliwa ya mwanawe hakuacha. Nilitaka kumtukana. Badala yake nikasema, "Asante kwa kupiga," kwa sababu na mimi nina malezi, na niliyachukia wakati huo.

Agosti. Na Septemba ndipo Jorien alipoanza kunitajia chumba. "Wolter hana neno." Kweli hakuwa na neno, hakuwa na hata soksi ndani ya nyumba ile. Kila Jumapili mtoto wangu alikuwa ananiita, na kila Jumapili mimi nilikuwa nasikia wajibu. Alisema "ni juu yako" kwa sababu ndivyo nilivyomlea: usimlemee mtu, usiombe, usiingie bila miadi. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa mzazi na sikuujua. Nilikuwa nahesabu nani anayenitazama.

Nikachukua mkoba, nikaenda stesheni. Treni mpaka Zwolle, kisha ile ndogo ya Emmen, mashamba meusi yenye maji pande zote. Sikumpigia simu. Ningempigia angesema hakuna haja.

Nilifika mlangoni kwake saa kumi na mbili jioni, saa ya chakula, saa ambayo hakuna mwenye akili timamu katika nchi hii anayebisha hodi kwa mtu, awe mama yake au mfalme. Nikabisha.

Jorien akafungua na uma mkononi. Amekonda. Alinitazama kana kwamba amekosea mlango wa nyumba yake.

"Mama? Kumetokea nini? Nani amekufa?"

"Hakuna. Hongera, mwanangu."

"Hukusema unakuja."

"Na wewe hukusema mengi."

Uso wake ukabadilika, akajua kwamba ninajua. Hakulia. Alisema, "Sijapika vya kutosha," na sauti ikakatikia hapo.

Mezani palikuwa na sahani moja. Viazi vitatu, kababu moja, maharage mabichi. Hakuna keki, hakuna viti vya wageni vilivyopangwa duara, hakuna maua. Alichukua sahani ya pili, akagawa kababu katikati kwa kisu, akanipa nusu iliyo kubwa. Viazi akatoa kimoja, akafikiri, akakikata kingine. Tulikula. Sijawahi kula chakula kidogo hivyo wala kizuri hivyo, na wala siongezi chumvi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba alikuwa amekufa juzi tu. Ungebeba mawili?"

"Ningebeba."

"Halafu ukaanza habari ya ngome na kinu na Bibi Verschoor. Nikasema, mama anajijenga upya. Nimwache."

"Ulikuwa unanitaka nije kukaa hapa?"

"Ilikuwa juu yako."

"Jorien. Nimekuuliza wewe."

Akaweka uma chini. Aliangalia sahani muda mrefu, binti yangu mwenye miaka arobaini na minne, meneja ofisini kwake, na nikaona jinsi neno linavyomtoka kwa shida, kama mtu anayevuta kitu kizito kutoka kisimani.

"Njoo, mama," akasema. "Nakuomba. Nyumba hii inanishinda."

Nikasema nitakuja. Sikuchelewa hata kidogo, ila moyo uliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuupenda ule ua. Nilikuwa nimekaribia kuwa na mahali. Naliandika hili hapa na sitamwambia kamwe.

Asubuhi hii, alipotoka, nikakumbuka kwamba niliondoka bila kumuaga mtu. Nikampigia Bibi Verschoor mbio, nikidhani ameshamwita Bwana Barend na wazima moto.

"Nilikuona ukitoka na mkoba," akasema. "Mtu anayetoka na mkoba hajafa."

Nikamweleza. Wolter, simu, kababu, yote. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo utawaandikia wadhamini tena," akasema.

"Leo."

"Na utarudi?"

"Kuchukua vitu. Wiki ijayo."

"Umefanya vizuri. Mtoto ni mtoto." Akakohoa. "Haya. Kahawa yangu inapoa."

Akakata. Nilikaa na simu mapajani nikitazama bustani ya Jorien, uzio, na nyuma ya uzio nyumba za watu nisiowajua hata mmoja. Kisha simu ikalia tena.

"Leida?"

"Ndiyo, Gonda."

"Hapana kitu," akasema. "Nimebonyeza vibaya."

Lakini hakukata, na mimi sikukata. Tulikaa hivyo kwa kitambo, kila mtu anamsikia mwenzake akipumua, mpaka nikasikia kwa upande wake lango linafunguliwa na watalii wa kwanza wakiingia.